Daktari Helen wa Kilungu

Kwa miaka tisa Muindi Ndululu alikuwa bibi mzee wa Kiingereza, mstaafu wa chuo kikuu, mpenda maua. Jina lake lilikuwa Daktari Helen. Alikuwa na picha ya nywele nyeupe na miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo, alikuwa na nyota tano kwenye tovuti ya waandishi, na wanafunzi wa nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga walimwandikia kila asubuhi wakimwita mpendwa. Mwili wa Daktari Helen, hata hivyo, ulikuwa wa mwanamume wa miaka thelathini na mitatu mwenye ndevu chache, aliyekaa juu ya kreti ya soda nyuma ya duka la agroveti la Bwana Gathua, kwenye njia panda moja ya vilima vya Kilungu, baina ya magunia ya chakula cha kuku na mikebe ya dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Kazi hiyo ni ya kawaida Kenya kuliko watu wanavyopenda kukiri. Vijana wetu huwaandikia wageni insha, ripoti na tasnifu, wageni huhitimu, kila mmoja huendelea na shughuli zake. Ukitembea miji ya mbali utakutana na wauguzi, wahandisi na pengine mchungaji mmoja au wawili ambao sehemu ya elimu yao ilipikwa Makueni, wala hawajui Makueni iko wapi. Akaunti ya Helen ilikuwa ya binamu yake Muindi. Binamu huyo aliokoka, akaona kazi hiyo ni dhambi, akaiacha. Hakuona dhambi yoyote kumwachia ndugu yake.

Muindi hakuanza maisha akitaka kuwa Helen. Alikuwa akisomea fizikia katika chuo kikuu kimoja mjini Kitui, mwaka wa nne, mitihani yote ameshaifanya, amebakiza mradi wa mwisho tu, baba yake alipougua. Alirudi nyumbani kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa miaka tisa. Chuo nacho kina sheria yake: mwanafunzi akiondoka kabla ya kumaliza, usajili wake huishi miaka kumi tangu siku hiyo, kisha alama zote alizowahi kupata huharibika kama maziwa ya pakiti. Basi mwaka huo wa kumi ulipoanza, mambo yalikuwa wazi. Shule ya wasichana iliyoko bondeni haikuwa na mwalimu wa fizikia, na mwalimu mkuu alimtaka Muindi, ila alimtaka pamoja na cheti. Akiufanya mradi na kuutetea mbele ya jopo, angepata digrii na kuwa Mwalimu Muindi. Akishindwa, miaka minne ya Kitui ingefutika, naye angebaki Helen hadi azeeke kwelikweli.

Kwa mradi wake alichagua jambo alilolijua kuliko yote: namna eksitoni zinavyotembea ndani ya visima vya kwanta.

Jambo lenyewe si gumu likielezwa na mtu asiyetaka kutisha. Chukua nusukipitishi, yaani ile aina ya kitu kilichomo ndani ya simu yako, ambacho si waya wa kupitisha umeme wala si mpira wa kuuzuia. Tengeneza utando wake mwembamba, tabaka thelathini na kitu za atomu, kisha ubane juu na chini kwa tando za aina nyingine. Huo utando wa katikati ndio kisima cha kwanta. Kuhusu jina hilo, wajomba wa Muindi walioko Mutomo, ambako maji huletwa na punda, walishamfanyia mzaha wote uliopo, hatuna haja ya kuurudia. Mwanga ukipiga utando huo, elektroni moja hurushwa juu kutoka mahali pake, ikaacha shimo. Elektroni na shimo lake havisahauliani. Huvutana, hushikana, na kwenda pamoja kama kitu kimoja, na kitu hicho ndicho eksitoni. Haiwezi kupanda wala kushuka, kwa sababu imebanwa na zile tando mbili, lakini kwa upana iko huru, hivyo hutangatanga, ikigonga hili na lile, kutoka kwenye msongamano kuelekea penye nafasi. Baada ya muda mfupi kuliko tunavyoweza kuwaza, elektroni huanguka tena shimoni, mwanga mdogo hutoka, na habari yao huishia hapo. Watafiti humulika leza kwenye doa dogo, kisha hutazama mwanga unaorudi. Doa la mwanga huo likipanuka, husema: eksitoni zimetembea.

Muindi aliyajua haya kwa sababu ya msichana anayeitwa Linnea. Linnea alikuwa akisomea shahada ya pili katika nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, na miaka sita kabla ya hayo alimwandikia Helen kwa hofu. Alikuwa na picha mia mbili za madoa ya mwanga, alizozipiga mwenyewe kwa leza ya chuo chake, na hakujua la kusema juu ya hata moja. Helen alimtuliza kama bibi anavyomtuliza mjukuu, akapokea picha, akaingia kazini. Siku nne baadaye tasnifu ilikuwa tayari. Linnea alikuwa ameona bila kuelewa. Muindi alielewa bila kuona, kwani leza kubwa kuliko zote aliyowahi kuishika ni ile ya kuchezea inayouzwa sokoni Mbumbuni pamoja na vitana.

Katika sura ya pili ya tasnifu hiyo alihitaji mfano wa kueleza elektroni na shimo lake, akachukua uliokuwa karibu. Alitoa mfano wa mlima wa watu wenye uhaba wa maji, ambapo mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, na udongo wa mtaro akaurusha upande wa juu, ukae kama ukuta. Mtaro ni shimo, ukuta ni elektroni. Kimoja kimetoka ndani ya kingine, na mvua ya kwanza ikinyesha ukuta hujaribu kurudi ulikotoka. Kwetu mtaro huo huitwa fanya juu, na Muindi alianza kuuchimba akiwa na miaka saba. Msimamizi wa Linnea aliandika pembeni kwamba mfano huo ni wa ubunifu wa kipekee. Linnea alipata alama ya juu kabisa, na kwa shukrani akamtumia Helen picha ya keki.

Sasa turudi kwenye ule mwaka wa kumi. Mwezi wa nane, Muindi aliketi kwenye kreti yake, kwa mara ya kwanza akiwa yeye mwenyewe, akaandika mradi wake. Ni muhimu kusema kwamba hakunakili. Hata angetaka asingeweza, kwani kompyuta iliyokuwa na tasnifu ya Linnea ilikufa zamani kwa kumwagikiwa na dawa ya kupe, wala hakujua kwamba maktaba ya ng'ambo imeiweka wazi. Aliandika kutoka kichwani, kwa furaha, akishangaa jinsi sentensi zilivyokuja zenyewe, moja baada ya nyingine, kana kwamba zilikuwa zikimngoja.

Zilikuwa zikimngoja kweli.

Siku ya kutetea mradi alivaa suti ya harusi na kufika Kitui mapema. Jopo lilikuwa la watu wawili. Mwenyekiti alikuwa Daktari Kasiva, mkuu wa idara, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, aliyesoma ng'ambo miaka kumi na miwili na kurudi bila kubadilisha lafudhi. Pembeni yake alikaa Mwalimu Mutie, mratibu wa miradi, mtu mwenye imani kubwa na programu ya kompyuta inayokagua kama kazi ya mwanafunzi imefanana na kazi nyingine duniani.

"Bwana Muindi," Mwalimu Mutie alianza, "habari za Makueni?"

"Njema, mwalimu."

"Mvua?"

"Bado."

"Na hii asilimia sabini na moja, nayo imetoka Makueni?"

Aligeuza kompyuta. Sura ya pili ya mradi ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini, kama nyama. Upande wa kulia kulikuwa na jina la chanzo: tasnifu ya Linnea, ya miaka sita iliyopita, iliyohifadhiwa kwa heshima zote kwenye maktaba ya chuo chake.

Kuna hali chache za namna hii. Ni kama kulikuta koti lako limevaliwa na mtu mwingine sokoni, ukakamatwa wewe kwa wizi wa koti. Muindi alizipiga hesabu palepale, akiwa amesimama. Akisema sura hiyo ni ya Linnea, yeye ni mwizi, na sheria ya chuo inamfukuza. Akisema ni yake, basi aliwahi kumwandikia mtu tasnifu, na sheria hiyohiyo, mstari unaofuata, inamfukuza vilevile. Ili athibitishe kwamba hana hatia ya kosa moja ilimlazimu akiri la pili. Njia ya tatu haikuwepo kwenye kijitabu cha sheria za chuo.

"Tunakungoja," Mwalimu Mutie alisema.

Daktari Kasiva hakuwa akingoja. Alikuwa ameivuta kompyuta upande wake, akiisoma tasnifu ya Linnea polepole, kidole kikitembea kwenye kioo.

"Mwalimu Mutie," alisema bila kuinua kichwa, "nyinyi upande wenu mkichimba mtaro wa kuzuia maji, udongo mnarusha wapi?"

"Siku hizi tunakodi trekta, Daktari."

"Zamani."

"Sijui. Mama ndiye alikuwa akichimba."

"Ona huyu, mtoto wa kiume wa Kitui!" Daktari Kasiva alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mimi kwetu ni Kilungu. Nimechimba kila likizo mpaka darasa la nane, na mgongo wangu unakumbuka. Udongo tulikuwa tukirusha juu. Juu, mlimani, kinyume na akili ya binadamu. Nimeishi nchi tatu za wazungu na sijaona mmoja anayerusha udongo juu. Wote hurusha chini, kama watu wenye akili. Lakini huyu Linnea anarusha juu."

"Labda alisoma mahali," Mwalimu Mutie alisema.

"Labda. Hapa pia anasema akina mama huchimba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na asiyefika bila sababu hutozwa kuku. Huo ni mwethya, Mwalimu. Anatutajia mpaka faini. Huko theluji ilikolala, nani alimtoza Linnea kuku?"

Muindi alifungua mdomo.

"Usijibu," Daktari Kasiva alisema.

"Daktari, mimi nilikuwa..."

"Nimesema usijibu. Sijauliza swali, nimesoma tu kwa sauti. Nikiuliza, utajibu. Ukijibu, itanibidi niandike. Nikiandika, barua zitakuwa mbili, na moja itakwenda Ulaya. Unanielewa, kijana wa Kilungu?"

"Nakuelewa, Daktari."

"Lakini kuna ushahidi kwamba amenakili!" Mwalimu Mutie alilalamika.

"Kuna ushahidi wa jambo fulani," Daktari Kasiva alisema. "Hilo nakubali kabisa."

Uamuzi ulikuwa huu: sura ya pili itolewe yote. Muindi aandike nyingine, juu ya jambo lilelile, kwa wiki tatu, na ufanano wake usizidi asilimia ishirini. Mwisho wa wiki hizo tatu ulikuwa pia mwisho wa usajili wake. Hakukuwa na siku ya akiba.

Aliporudi nyumbani alikuta mambo yamekwenda mbele bila yeye. Mzee Mwau, ambaye ni mzee wa kanisa na hapendi habari njema ichelewe, alikuwa ametangaza Jumapili kwamba ndugu Muindi amemaliza chuo, na ibada ya shukrani itafanyika. Mbuzi wa kuchinjwa alikuwa ameshatajwa kwa rangi yake.

"Sasa tatizo ni nini, Baba Mbula?" aliuliza mkewe, Mbinya, baada ya kusikiliza yote. "Wamekwambia ubadilishe maneno. Si hiyo ndiyo kazi yako kila siku?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kubadilisha maneno ndiyo ilikuwa sanaa ya Helen. Kwa miaka tisa alikuwa ameandika kama muuguzi wa Kanada, kama mwanajeshi anayesoma kwa posta, kama mchungaji mwenye mashaka. Alijaribu. Wiki ya kwanza aligeuza sentensi zote, yaliyokuwa mwanzo akayapeleka mwisho, akatafuta neno jingine kwa kila neno. Asilimia ilishuka hadi thelathini na nane, na sura ilisomeka kama maelezo ya dawa yaliyotafsiriwa mara mbili. Akajaribu kumsahau Linnea kabisa na kueleza eksitoni kwa mfano mpya. Akajaribu mume na mke. Akajaribu punda na mkokoteni. Kila mara, akifika mahali pa kueleza jambo likaeleweka, mkono wake wenyewe ulichukua jembe na kuanza kurusha udongo juu. Njia yake nzuri ya kusema ilikuwa moja tu, nayo alikuwa ameshaiuza, ikawa mali ya mtu mwingine.

Wiki ya pili hakuandika kitu. Gathua, aliyezoea kusikia vidole vikigonga nyuma ya duka, alikuja kuchungulia.

"We Ndululu, uko hai huku?"

"Niko."

"Nilidhani umevuta ile dawa ya kupe. Haya, kama huna kazi, nisaidie kushusha magunia."

Akashusha magunia.

Jumanne ya wiki hiyo hakwenda dukani. Alikaa mlangoni kwake akitazama uani, ambapo Mbinya alikuwa ameanika mbaazi juu ya turubai. Mbaazi zilikuwa nyingi, naye Mbinya alikuwa amezimwaga tu kwa haraka, lundo limeinuka katikati na kupungua kuelekea pembeni, akaingia jikoni. Kuku waliziona. Kuku hawana haja ya kuhangaika na mbaazi mojamoja za pembeni; walipanda moja kwa moja katikati, palipojaa, wakala wakigombana. Mbinya alipotoka alipiga kelele iliyosikika ng'ambo ya bonde.

"Shh! Tokeni! Ona sasa, wamenitawanyia mbaazi zangu zote!"

Muindi alisimama. Akaliendea turubai, akainama.

"Hawajazitawanya," alisema.

"Huoni zilivyolala? Asubuhi zilikuwa lundo, sasa zimeenea."

"Hazijaenea, Mama Mbula. Angalia pembeni, zinafika palepale zilipokuwa, hakuna hata moja iliyosogea. Zimeliwa katikati. Kilele kimeshuka, ndiyo maana unaona lundo pana."

Mbinya alishika kiuno.

"Kwa hivyo ulikuwa umekaa hapo, unaona zikiliwa."

"Ndiyo."

"Na kuku hukuwafukuza."

Mume alikuwa ameshaingia ndani kuchukua kompyuta.

Alichokiona ni hiki. Mtafiti anapopima upana wa doa la mwanga, hapimi kutoka ukingo hadi ukingo, kwani ukingo wenyewe hufifia na hauna mpaka. Hupima upana pale ambapo mwanga umefika nusu ya kilele. Sasa kilele kikiliwa, nusu yake nayo inashuka, na ukishuka mteremko wa lundo unakuta upana mkubwa zaidi. Eksitoni nazo hulana. Pale katikati, leza ilipopiga kwa nguvu, zimejaa mno, hugongana na kumalizana mapema kuliko zile za pembeni zenye nafasi. Basi doa linaweza kupanuka hata kama hakuna eksitoni iliyotoka kwao. Miaka sita iliyopita Linnea alikuwa ameona madoa yakipanuka, na Helen, bila kusita, aliandika kwamba eksitoni zimesafiri, akakokotoa na mwendo wake hadi tarakimu tatu. Hakuna aliyeuliza habari za kuku: si msimamizi, si Linnea, na Helen ndiye aliyepaswa kuuliza kuliko wote.

Muindi alizitoa namba za Linnea kutoka kwenye maktaba ya chuo kile, kama mtu yeyote awezavyo, akaandika programu yake, akazipitisha upya. Ilipomaliza, theluthi moja tu ya upanukaji ilikuwa safari. Iliyobaki ilikuwa kuku.

Sura mpya iliandikwa kwa siku saba, na haikufanana na kitu chochote alichowahi kuandika, kwa sababu alikuwa na mtu wa kupingana naye. Linnea alitajwa mara ishirini na tatu. Linnea anadai. Linnea anaonekana kudhani. Inashangaza kwamba Linnea hakulizingatia hili. Mtindo ni wa heshima, na hasira iliyomo ndani yake ni ile ambayo mtu huweza kuwa nayo kwa mtu mmoja tu duniani. Programu ya Mwalimu Mutie iliisoma ikasema asilimia tisa, na sehemu kubwa ya hiyo tisa ilikuwa jina la chuo.

Jopo lilikaa siku mbili kabla ya usajili kuisha.

"Tisa!" Mwalimu Mutie alisema, akimpa mkono kama mtu aliyepona. "Sasa hii ni kazi ya mtu. Lakini Bwana Muindi, huyu msichana umemchapa. Alikukosea nini?"

"Hakunikosea, mwalimu. Ni tasnifu yake tu."

Daktari Kasiva alifunua kurasa.

"Huu mfano wa mbaazi ni wako?"

"Ni wangu, Daktari."

"Haujasafiri?"

"Bado."

"Uzuie. Haya, nieleze. Doa moja limepanuka. Wewe unasema huenda hakuna aliyetembea, zimeliwa tu katikati. Mwingine anasema zimetembea. Ukipewa leza leo, utatuamuaje?"

Hapo ndipo kila kitu kilipokuwa, miaka minne ya Kitui na tisa ya kreti. Muindi hakuwa amekariri jibu. Alifikiri, mikono nyuma.

"Ningepunguza mwanga, Daktari. Nimulike kidogo sana, eksitoni ziwe chache, zisikutane. Hakutakuwa na kulana. Doa likiendelea kupanuka hata hivyo, basi hiyo ni safari. Likikataa, tulikuwa tukihesabu walioliwa."

"Na hapa Kenya leza ya namna hiyo utaipata kwa nani?"

"Kwa sasa, ninayejua anayo ni Linnea."

Daktari Kasiva alicheka mpaka akavua miwani. Alipoirudisha aliuliza swali la mwisho, kwa sauti yake ndogo.

"Kwa maoni yako, huyu Linnea alikosea kwa uvivu au kwa ujinga?"

"Kwa haraka, Daktari. Nafikiri alikuwa ana siku nne tu."

"Unaonekana kumfahamu vizuri."

"Kwa maandishi tu."

Alipita. Alama zilikuwa za juu, ingawa si za juu kama za Linnea. Ibada ya shukrani ilifanyika mwezi wa kumi na mbili, na Mzee Mwau, aliyetafsiri hotuba ya Muindi kwa Kikamba, aliona eksitoni hazitaingia kwenye muda uliobaki, akafupisha: ndugu yetu amegundua mahali ambapo mzungu alikosea hesabu. Kanisa lilipiga makofi kuliko lilivyopigia kwaya. Januari alianza kufundisha kwenye shule ya bondeni. Wasichana humwita Sir, na mpaka sasa hakuna aliyemwita mpendwa. Idara nayo, kwa fahari, iliuweka mradi wake kwenye tovuti ya chuo, mtu yeyote duniani ausome.

Akaunti ya Helen alikuwa amekusudia kuifunga. Ni jambo la dakika moja, na mambo ya dakika moja ndiyo hukawia. Jumamosi moja ya mwezi wa pili, akiwa nyumbani anasahihisha daftari, ujumbe uliingia.

Mpendwa Helen, aliandika Linnea. Samahani kwa ukimya wa miaka. Siku hizi nimeajiriwa kwenye kampuni ya taa, nina kitengo changu. Kuna jambo limenipata. Mtu mmoja wa Kenya, M. Ndululu, ameisoma tasnifu yangu. Nadhani ndiye mtu wa kwanza kuisoma. Ameikosoa vibaya sana, kurasa kumi na tisa, na mkubwa wangu ameiona na anataka nitoe jibu rasmi. Kinachonitisha ni kwamba anajua kila mahali nilipokuwa dhaifu, kana kwamba alikuwa chumbani nilipokuwa nikiandika. Tafadhali, Helen, niandikie jibu la kummaliza.

Muindi alimsomea Mbinya, akitafsiri.

"Maskini," Mbinya alisema. "Utamjibu?"

"Jibu la kummaliza lipo."

"La kummaliza nani?"

"Ndululu. Ukurasa wa thelathini na moja nilikadiria kitu ambacho sikukipima. Mimi nikiwa Helen, naweza kumwangusha kwa kurasa mbili."

"Halafu?"

"Halafu mkubwa wake anafurahi, na mradi wangu unakuwa kazi ya mtu aliyejibiwa."

"Basi mwambie aache kukusumbua, wewe ni mwalimu."

Alichukua simu. Daftari za wasichana thelathini na wanane zilikuwa mezani, kila moja imeandikwa jina la mwenyewe kwenye jalada, na nyingi zilikuwa na makosa ambayo hayakuwa ya mtu mwingine yeyote. Mwishowe aliandika, kwa Kiingereza cha bibi mwenye maua, mara ya mwisho kama alivyojiahidi:

Mpendwa Linnea, nimemsoma huyo Bwana Ndululu kwa makini. Ana kasoro moja ndogo kwenye ukurasa wa thelathini na moja, lakini kwenye jambo kubwa yuko sahihi. Usimpinge. Leza unayo. Punguza mwanga, pima tena wewe mwenyewe, utaona. Kisha kubali.

Jibu lilikuja kabla hajafungua daftari la pili.

Asante, Helen, nimefarijika mno. Kukubali huko kunatakiwa kuwe kurasa ngapi, na unaweza kuniandikia kufikia Ijumaa?